Harley Earl: Msee Aliyeacha Chuo Akaingia Karakana ya Budake, Akabadilisha Sura ya Ndai Dunia Nzima

Kila msee wa Subaru anajua hii story. Ile pua ya juu ya boneti, skupu, ikikaa fiti utadhani ndai ilizaliwa nayo. Ikikaa vibaya, hata mtoi wa nasari ataona imebandikwa. Skupu inaweza kuwa ile ile, boneti ile ile, rangi ile ile, lakini moja inageuza vichwa na ingine inachekwa kwa parking.

Tofauti iko pale mahali skupu inakutana na boneti. Mafundi wa Grogan wanaijua hii kitu kwa mikono. Lakini kuna msee mmoja aliichukua hiyo akili ya karakana, akaipeleka kwa kampuni kubwa zaidi ya magari duniani, akalazimisha mainjinia na wadosi waikubali. Jina lake ni Harley Earl. Alikufa 1969, na ndai yoyote unayoona kwa barabara leo, kuanzia Vitz hadi Prado, bado inaundwa kwa njia zilizopitia mikono yake.

Alianzia kwa karakana ya buda

Harley Earl alizaliwa tarehe 22 Novemba 1893, Hollywood, Los Angeles, kabla Hollywood iwe mahali pa mafilamu. Budake, J.W. Earl, alikuwa fundi wa mikokoteni ya farasi. Magari yalipoingia, mzee hakulia ati kazi imeisha. Aligeuza karakana, na 1908 akafungua Earl Automobile Works, kazi ikawa kuunda bodi za magari.

Siku hizo gari haikuwa inauzwa vile tunajua. Tajiri angeweza kununua chasi na injini peke yake, halafu apeleke kwa fundi wa bodi amjengee juu yake vile anataka. Cheki tu vile matatu inajengwa hapa kwetu: lori inakuja ikiwa chasi na kichwa, halafu karakana inaivalisha mwili. Hiyo ndiyo biashara Harley alikulia ndani.

Alienda Stanford, chuo cha maana, lakini hakumaliza. Alirudi kwa karakana ya buda. Kwa wazazi wengi hiyo ingekuwa aibu ya kijiji nzima. Lakini hapo kwa karakana ndipo alikutana na kitu Stanford haikuwa nayo: mastaa wa filamu wenye doh mob na bila subira.

Wateja wake walikuwa watu kama Roscoe Arbuckle, mchekeshaji mkubwa wa enzi ya sinema bila sauti, aliyetaka Pierce-Arrow ya kuzima mtaa. Alikuwa pia Tom Mix, staa wa mafilamu ya kaboi, ambaye ndai yake iliwekwa tandiko la farasi juu. Ndio, tandiko la farasi kwa gari. Wenye wanaona nganya zetu zina makeke wajue hii game ilianza kitambo.

1919, muuzaji wa Cadillac anaitwa Don Lee alinunua hiyo karakana. Alinunua mashine, mafundi, na Harley akabaki kama mkubwa wa kuunda bodi.

Udongo ndio ulikuwa siri

Hapa ndipo akili ya Harley inaanza kuonekana. Mafundi wengi wa wakati huo walikuwa wanatengeneza mfano wa gari kwa mbao, ama wanagonga bati moja kwa moja kwa nyundo. Shida ya mbao ni kwamba inakupa kona. Ukitaka mkunjo mpole unaotoka kwa boneti, unapita mlango, unaenda kulala nyuma, mbao inakuchosha.

Harley alitumia udongo wa kufinyangia. Unapaka, unakwangua, ukikosa unaongeza. Ukiona fenda na boneti haziongei, unasukuma kidogo hapa, unatoa kidogo pale, hadi zinakubaliana. Na hakuangalia kipande kimoja kimoja. Aliangalia gari nzima kama mwili mmoja.

Mdosi wa Cadillac, Lawrence Fisher, alitembea California akaona hii kazi. Magari mengi ya kiwanda wakati huo yalikuwa ni vipande vimekutana: boksi ya injini hapa, boksi ya watu pale, madigadi zimening'inia kando kama zimekuja kutembea. Hapa kijana alikuwa anafanya zote zikae kitu kimoja. Fisher akamwalika Detroit.

Kazi ya kwanza ilikuwa LaSalle, ndai ya bei chini kidogo ya Cadillac. Harley hakuficha alikotoa inspiresheni: alipenda sana Hispano-Suiza, ndai za kifahari za Ulaya. LaSalle ilitoka 1927 na ikawa moto. Mwaka huo huo Ford alifunga laini ya Model T, baada ya kutengeneza milioni 15. Kwa miaka mob Ford aliuza gari moja, sura moja, na kwa kipindi kirefu rangi moja, nyeusi. Sasa watu walikuwa wamechoka na sura hiyo.

Alfred Sloan, rais wa General Motors, aliona hiyo rada mapema. 1927 akamfungulia Harley idara nzima ya sanaa na rangi, na wasee kama 50. Kampuni kubwa ya magari ilikuwa na kitengo ambacho kazi yake ilikuwa ni gari ikae vipi.

Mainjinia hawakufurahia. Kwao, huyu jamaa mrefu wa California, suti kali, viatu vinang'aa, alikuwa amekuja kuwapaka wanja. Idara yake waliiita saluni ya urembo.

Ile Buick iliyochekwa

Halafu ikaja Buick ya 1929, na hii ndiyo sehemu kila fundi wa bodi anafaa kusoma mara mbili.

Harley alikuwa amechora kamkunjo kadogo kwa ubavu, chini tu ya madirisha. Kenyewe kalikuwa kametokeza kama inchi moja na robo hivi. Kwa udongo kalikaa poa, kwa sababu kalikuwa kamepimwa na urefu wa gari na vile ubavu ulishuka chini.

Lakini michoro ilipofika kiwandani, wasee wa uzalishaji wakafanya yao. Walivuta ubavu wa chini ndani, wakaongeza kimo cha gari, kila mtu na sababu zake za kiufundi. Hakuna aliyerudi kumuuliza Harley. Ule mkunjo ukabaki pale pale, lakini vitu vyote vya kando yake vilikuwa vimesonga. Kitu kilichokuwa urembo kikageuka kitambi. Wamarekani wakaibatiza Buick yenye mimba. Mauzo yakaporomoka.

Inchi moja na robo, msee. Hiyo ni upana wa vidole viwili.

Ndio maana kazi ya skupu si kununua kipande na kukigonga juu ya boneti. Fundi mzuri anaanza kwa kuangalia mistari ambayo boneti iko nayo tayari, ndio skupu ifuate mistari hiyo badala ya kuikata. Akishakata shimo, kingo za skupu anazikunja zilale na mkunjo wa boneti kabla ya moto kugusa chochote. Akiweldi, hapigi laini moja ndefu, kwa sababu bati ya boneti ni nyembamba na joto likikaa mahali pamoja linaivuta, boneti inaanza kufanya mawimbi. Anapiga nukta hapa, anaruka anapiga ingine pale, anaacha ipoe, anarudi kujaza katikati.

Fila inakuja mwisho, na inakuja nyembamba. Fundi anayejaza fila nene kama ugali kuficha kazi mbaya anakuuzia nyufa za baadaye. Halafu msasa unafungwa kwa kibao kirefu, si kwa vidole, kwa sababu vidole vinachimba mabonde. Inapakwa praima, inasuguliwa tena, na fundi anapitisha kiganja akiwa amefunga macho. Kiganja kinaona kitu jicho linakosa. Rangi ikishakauka, ni taa ya barabarani itakayosema ukweli: mwanga ukiteleza juu ya boneti bila kuvunjika, hiyo kazi imeiva. Ukivunjika, kila mtu ataona mahali ulishona.

Harley aliielewa hii ya mwanga kuliko mtu yeyote Detroit. Na baada ya Buick, alielewa pia ya wadosi: ukichora kitu poa halafu hauna nguvu ya kukilinda hadi mwisho wa laini, umechora bure. Kutoka hapo alipigania kufuatilia kazi yake hadi ndani ya kiwanda. Na akapewa.

Ndai ya kwanza ya ndoto

1938 akatoa Buick Y-Job. Wengi kwa industri wanaihesabu kama gari ya kwanza ya dhana, yaani ndai inayoundwa kuonyesha kesho, si ya kuuzwa.

Cheki vile ilikuwa. Taa za mbele zilijificha ndani ya bodi. Vitasa vya milango vililala sawa na bati, havikutokeza. Ile ngazi ya kando iliyokuwa kwa kila gari iliondolewa. Madirisha yalikuwa ya umeme. Paa la turubai lilikunjwa likazama chini ya kifuniko cha chuma, hadi haungejua liko. Kila kitu kilichokuwa kimening'inia kilimezwa na mwili.

Na haikuwa ya kuwekwa kwa kioo kama keki ya harusi. Harley aliiendesha yeye mwenyewe miaka kadhaa, kazini na nyumbani. Alikuwa mrefu zaidi ya futi 6, kwa hivyo unaweza kuwaza vile watu wa Detroit walikuwa wanageuka huyo jamaa akipita na hiyo mashine ya chini chini. Kurefusha gari na kuishusha ndiyo ilikuwa injili yake maisha yote.

1940 akafanywa makamu wa rais wa General Motors. Mbunifu kufika kiti kama hicho kwa kampuni kubwa haikuwa imeonekana. Kumbuka, ni yule yule wa saluni ya urembo.

Mapezi na pua ya ndege

Vita vya Pili vya Dunia vikiendelea, Harley na vijana wake waliangalia ndege ya kivita ya P-38 Lightning, ile yenye mikia miwili. Waliporudi kwa meza, ule mkia ukaingia vichwani. Cadillac ya 1948 ikatoka na mapezi mawili madogo nyuma. Wengine walishangaa, wengine wakacheka, halafu wote wakanunua. Miaka 10 baadaye kila kampuni Marekani ilikuwa inashindana nani ana mapezi marefu, hadi Cadillac ya 1959 ikafika kiwango cha wazimu.

1951 akatoa LeSabre, ndai ya dhana ingine. Hii ndiyo wapenzi wa skupu wanafaa kuicheki. Mbele ilikuwa na mdomo wa duara kama wa ndege ya jeti, unadhani unavuta hewa ya kuchoma injini. Lakini huo mdomo ulikuwa mlango wa taa: ulizunguka, taa zikatokea. Kioo cha mbele kilizunguka pembeni kama miwani. Na ilikuwa na kifaa cha kuhisi unyevu: mvua ikianza na hauko karibu, paa linajifunga lenyewe. Mwaka wa 1951!

Subaru yenye turbo ina skupu kwa sababu pale chini kuna intakula inataka hewa ya kuipoza. Hiyo ni kazi. Mdomo wa LeSabre ulikuwa ni ndoto. Harley alijua watu wananunua zote mbili, na hakuona aibu kuuza ndoto bora imeshonwa vizuri.

Januari 1953, kwa maonyesho ya General Motors kwenye hoteli ya Waldorf-Astoria, New York, akaonyesha gari ndogo nyeupe ya viti viwili: Corvette. Bodi haikuwa bati, ilikuwa faibaglasi. Mwaka huo zilitengenezwa 300 pekee, kwa mkono. Leo Corvette bado iko kwa barabara.

Upande mwingine wa Mista Earl

Tusimpake sukari. Kufanya kazi chini ya huyu mdosi kulikuwa noma. Alikuwa anatisha. Vijana wake walimwita kwa jina lililoungana kama neno moja, Misterl, na wakiskia viatu vyake kwa korido, studio ilinyamaza. Hakuwa mchoraji mkali mwenyewe. Alikaa kwa kiti, akaangalia, akaelekeza, akakataa, akarudisha, hadi akapata alichoona kichwani. Kwa hivyo ndai nyingi tunazompa yeye zilichorwa na mikono ya wengine ambao majina yao hayajulikani mtaani. Kwa ofisi alikuwa na nguo za kubadilisha, ili saa nane mchana awe amenyooka kama asubuhi.

Kwa upande mwingine, miaka ya 50 alileta kikundi cha wanawake wabunifu kwa studio, wakati Detroit ilikuwa ya wanaume tupu. Kampuni iliwauza kwa magazeti kama mapambo, lakini wao walikuwa wanafanya kazi ya ukweli. Harley alipoondoka, mrithi wake Bill Mitchell hakuwa na moyo huo, na wengi wao hawakudumu.

Kuna deni lingine pia. Yeye na Sloan ndio walisukuma ule mchezo wa kubadilisha sura ya gari kila mwaka, ili ile yako ya mwaka jana ianze kukuaibisha ingawa injini iko sawa. Ukiona leo msee anakopa ndio abadilishe simu ambayo haijaharibika, huo mchezo ulifanyiwa mazoezi kwa magari. Na 1965 wakili Ralph Nader alitoa kitabu kilichoishambulia industri nzima kwa kuweka urembo mbele ya usalama, yale mapezi makali yakiwemo.

Siku vijana walimgeuka

Mwisho wake General Motors ulikuja na somo chungu. Mwaka wa 1956, mbunifu kijana kwa timu yake, Chuck Jordan, alipita karibu na uwanja wa Chrysler akachungulia kwa fensi. Aliona Plymouth za 1957 zikiwa zimepangwa. Zilikuwa chini, nyembamba, kali. Alirudi studio akawaambia wenzake. Ndai walizokuwa wanaunda kwa maagizo ya Harley zilikuwa nzito, zimejaa kromu, zimezeeka kabla hazijatoka.

Harley alikuwa Ulaya. Vijana wakafanya uasi. Walianza upya michoro ya 1959, bila ruhusa yake, wakijua akirudi anaweza kuwafuta wote.

Alirudi, akaingia studio, akaangalia. Hakumfuta mtu. Alikubali waendelee. Yule msee aliyetumia miaka 30 kuwaambia watu mistari yao haikubaliani, safari hii aliona ni yeye ndiye hakubaliani na wakati. Pengine hiyo ndiyo kazi ngumu zaidi aliwahi kufanya, na haikuhitaji udongo.

Mwisho wa 1958 alistaafu akiwa na miaka 65. Tarehe 10 Aprili 1969 alikufa West Palm Beach, Florida, akiwa na miaka 75. Hadi leo mshindi wa Daytona 500, mbio kubwa zaidi ya NASCAR, anabeba kombe lenye jina la Harley J. Earl, na juu yake kuna kimfano cha Firebird I, ndai yake ya umbo la ndege.

Studio za kampuni kubwa bado zinafinyanga udongo, ingawa kompyuta ziko. Msee bado anakwangua, anarudi nyuma hatua tano, anaangalia mwanga unavyoteleza, anarudi kukwangua tena. Na fundi wako mtaani, akipitisha kiganja juu ya boneti yako akakuambia urudi kesho kwa sababu haijakubali, usimkasirikie. Anakuepushia Buick ya 1929.